Sarufi Moja, Misamiati Miwili: Uhakiki wa Mbinu ya Kuandika Msimbo wa Asembli kwa Kompaila Tofauti

Wambugu wa milima ya Usambara hutumia sarufi moja kwa misamiati miwili: mmoja wa Kibantu, unaokaribiana na Kipare, na mwingine, Ma'a, wenye maneno mengi ya asili ya Kikushi. Maarten Mous alilichambua jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2003, na msomaji wa Mlola, wilayani Lushoto, hahitaji kusafiri mbali kulikuta. Dhana hiyohiyo, ingawa haikutamkwa, ndiyo msingi wa perlasm, mbinu inayotumiwa na OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kuandika msimbo wa asembli. Inachukuliwa kwamba prosesa ina sarufi moja, na kwamba asembla hutofautiana kwa maneno tu.

Katika mbinu hii maagizo huandikwa mara moja ndani ya programu ya Perl. Hati ya x86_64-xlate, iliyotungwa na Andy Polyakov, huyapokea kwa mtindo wa AT&T na kuyatoa kwa sura inayokubaliwa na asembla ya GNU, NASM au MASM. Kazi hiyo si ndogo. Mtindo wa AT&T hutaja chanzo kabla ya mahali pa kupelekwa, ilhali ule wa Intel hugeuza mpangilio huo; macOS hudai kistari cha chini mbele ya jina la fankshoni, Linux haidai. Katika ngazi hii perlasm imefaulu, na sifa hiyo haistahili kupunguzwa.

Udhaifu huanza pale tofauti isipokuwa ya maneno. Anayeamkiwa shikamoo hudaiwa marahaba. Hilo si suala la msamiati bali la wajibu kati ya wawili. Fankshoni na msimbo unaoiita nazo zina mkataba wa aina hiyo. Katika Linux, vigezo sita vya kwanza vya namba kamili hupitia rejista rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9. Katika Windows hupita vinne tu, kwa rcx, rdx, r8 na r9. Sehemu hii perlasm huishughulikia: mwandishi akitaja idadi ya vigezo, hati huongeza yenyewe maagizo ya kuvihamisha. Lakini Windows hudai pia kwamba rejista xmm6 hadi xmm15 zirudishwe kama zilivyokutwa, na Linux haidai hata moja. Deni hili limeachwa mikononi mwa mwandishi, alikumbuke katika kila fankshoni.

Gharama yake ilionekana Septemba 2023, ilipotangazwa kasoro ya CVE-2023-4807. Msimbo wa Poly1305, kwenye prosesa zenye maagizo ya AVX512-IFMA, uliziacha rejista za XMM zikiwa sifuri badala ya kuzirudisha, kila data ilipozidi baiti 64. Asembla zote ziliukubali msimbo huo. Jibu la Poly1305 lenyewe lilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni hesabu za programu iliyoiita. Kwa hiyo jaribio linalolinganisha majibu peke yake lisingeweza kuigundua. Miezi michache baadaye, Januari 2024, CVE-2023-6129 ilionyesha kosa la ukoo huohuo katika prosesa za PowerPC: rejista za vekta zilirudishwa kwa mpangilio usio sahihi.

Njia ya x86inc, inayotumika katika x264 na dav1d, imechagua kinyume. Imeacha kuhudumia asembla nyingi, ikabaki na familia ya NASM, ili ihudumie mikataba mingi. Mwandishi hutangaza kwa makro ya cglobal idadi ya vigezo, ya rejista za kawaida na ya rejista za XMM atakazotumia. Makro zenyewe huhifadhi na kurudisha kinachodaiwa na kila mfumo. Anayependa uhuru wa kuchagua asembla atauona uamuzi huu kuwa finyu, lakini ufinyu huo umeondoa deni kwenye kumbukumbu ya mtu na kuliweka kwenye tamko linaloweza kukaguliwa.

Tamko nalo huweza kudanganya: mwandishi akitangaza rejista nane kisha akatumia xmm9, makro hazitamzuia. Ndiyo maana miradi hiyo huambatana na checkasm, ambayo mbali na kulinganisha majibu hukagua kama rejista zinazolindwa zimeguswa.