Mazoezi Mbele za Watu

Kwaya za Chome hazifanyi mazoezi kwa siri. Jioni ukungu ukishuka kutoka msitu wa Shengena, mlango wa kanisa huachwa wazi, na anayepita na mzigo wa majani ya ng'ombe husikia kila kitu: soprano iliyopanda mno, besi iliyochelewa, mwalimu akigonga benchi na kusema turudi mwanzo. Watoto wamejaa ngazini. Jumapili ikifika, nusu ya kijiji imeshaujua wimbo, na mwalimu mwenye sikio zuri ameshajua jambo lingine: mstari gani watoto wameondoka nao wakienda kuchota maji, na upi umebaki kanisani kwa sababu hakuna aliyeubeba.

Ufundi huo wa kuijaribu kazi mbele za watu kabla haijaiva ndio ninaotaka kuusifu. Waliousogeza mbali zaidi ni watu wa jukwaa, na kati yao walio na kazi ngumu kuliko wote ni wale wanaotunga michezo ya kuigiza inayochanwa kwa hip-hop. Wenzetu wa New York na London wana kipindi maalumu cha maonyesho ya majaribio. Watu hukata tiketi, taa na mavazi vipo, bendi ipo, mchezo huchezwa wote mwanzo hadi mwisho, ila haujazinduliwa na wahakiki hawajaandika neno. Mtunzi na mwongozaji huketi nyuma kabisa gizani. Macho yao hayako jukwaani. Wanatazama visogo vya watu. Kesho yake mchana waigizaji huitwa, hupewa karatasi mpya, na usiku huohuo hucheza kilichobadilika.

Kwa nini visogo? Kwa sababu mtu akichoka, mwili wake husema kabla yake. Hujikuna, hugeuza shingo, huangalia saa, hukohoa. Kikohozi cha mtu mmoja ni mafua. Vikohozi vitano katika ubeti uleule, usiku wa pili na wa tatu, ni habari kuhusu ubeti. Ukimuuliza mtazamaji mlangoni atakwambia mchezo ulikuwa mzuri sana, maana ana adabu. Kisogo hakina adabu hiyo.

Mei 2009 Lin-Manuel Miranda alialikwa kutumbuiza Ikulu ya Marekani. Alitazamiwa aimbe kitu kutoka In the Heights, mchezo uliokwisha kumpa jina. Badala yake akasema anaandaa albamu ya hip-hop kuhusu Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa nchi ile. Ukumbi ukacheka. Barack Obama alikuwa pale, naye akacheka. Miranda akawaambia wanacheka, lakini ni kweli, kisha Alex Lacamoire akaanza kupiga piano. Video yake ipo, na nawashauri wanaofanya kazi ya jukwaa waitazame kwa sauti ya hadhira, wamsahau mwimbaji kidogo. Kicheko cha kwanza ni cha watu wasioamini. Vinavyofuata ni vifupi zaidi na vinakuja mahali tofauti, pale mstari wenyewe unapochekesha. Katikati kuna ukimya wa watu wanaofuatilia. Dakika chache baadaye wamesimama wote wanapiga makofi. Miranda alitoka pale na kitu ambacho hakuna mshauri angeweza kumpa: alijua hadhira ingeanza kwa kucheka, na alijua takribani ni mistari mingapi ingehitajika kabla kicheko hakijageuka.

Kutoka usiku ule hadi maonyesho ya majaribio ya Hamilton katika Public Theater, New York, Januari 2015, ni karibu miaka sita. Katikati palikuwa na usomaji wa wazi katika chuo cha Vassar mwaka 2013. Baada ya Public Theater mchezo ukahamia Broadway, ukafanyiwa tena majaribio kuanzia Julai 13, 2015, ukazinduliwa Agosti 6. Mchezo ulikuwa umeshasifiwa, tiketi zinagombaniwa, na mtunzi mwingine angesema basi, umekwisha. Miranda na mwongozaji wake, Thomas Kail, waliendelea kukata. Wimbo Congratulations, ambao Angelica, shemeji yake Hamilton, alimkabili nao baada ya aibu ya Hamilton kutangazwa, uliondolewa. Ni wimbo mkali wenye uchungu wa kweli, na wako wanaoulilia hadi leo. Wimbo wa Rais Washington wa kuaga madaraka, One Last Ride, uliandikwa upya ukawa One Last Time, na mambo yaliyokuwa yakiuvuta pembeni yakapunguzwa hadi akabaki mzee anayetaka kuondoka na kijana asiyetaka aondoke. Kukata kitu kibaya ni usafi wa kawaida. Kukata kizuri kwa sababu kinakichelewesha kizuri kilicho nyuma yake, hapo ndipo ninapovua kofia.

Hip-hop inaufanya ufundi huu kuwa mgumu maradufu. Hamilton ina maneno zaidi ya 20,000 ndani ya muda usiofika saa tatu. Wimbo wa redioni usipousikia vizuri utaurudia. Jukwaani neno likipita limepita, na hadithi imo ndani ya neno hilo. Kwa Kiswahili shida ina sura yake. Kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima tumboni, na silabi moja ndiyo inayosema jambo limeshatokea au bado. Mchanaji akimeza silabi ya katikati kwa haraka, "hawatakuja" na "hawajakuja" vinafanana masikioni mwa bibi aliyekaa benchi la nyuma, na kuanzia hapo bibi yuko kwenye hadithi nyingine. Halafu kuna vina. Karibu kila neno letu huishia kwa irabu, kwa hiyo kina kwetu ni rahisi kupatikana, na hadhira iliyokariri mashairi tangu shule ya msingi haikupi makofi kwa sababu umemaliza mistari minne kwa "-ika". Inataka kina cha kati pia, inataka mizani isiyoyumba, na juu ya yote inataka habari. Tangu Saleh Jabir alipotia Kiswahili kwenye midundo ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachanaji wetu wamekuwa wakifundishwa hilo na watu waliosimama mbele yao.

Aliyelielewa mapema ni Professor Jay. Katika Ndio Mzee, wimbo wa albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001, kuna mgombea anayehutubia mkutano akitoa ahadi ambazo kila moja inaizidi iliyotangulia, na kuna wananchi wanaomwitikia. Ule ni mchezo wa kuigiza kamili wa dakika chache. Ukiuchunguza kama fundi, utaona ameiweka hadhira ndani ya wimbo wenyewe: umati unaitikia kwa wakati maalumu, mchanaji anapata pumzi, msikilizaji anapata nafasi ya kuimeza ahadi iliyopita kabla ya inayofuata. Ukipigwa ukumbini, watu halisi huchukua zamu ya umati wa kwenye kanda bila kuelekezwa. Nafasi kama hizo ndizo mtunzi wa jukwaani huzitafuta usiku baada ya usiku katika maonyesho ya majaribio, na mara nyingi huzipata kwa kuondoa maneno yake mwenyewe.

Lakini kwa Afrika Mashariki, waliofanya jambo hili kwa ukamilifu ni watu wa Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, Kenya, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, Kĩmani Gecaũ akauongoza, na waigizaji wakawa wakulima na wafanyakazi wa palepale. Wanakijiji walijenga jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalikuwa ya hadhara tangu siku ya kwanza ya kuchagua waigizaji. Watu walikuja kutazama, na waliona makosa. Wazee walisahihisha nyimbo na taratibu za sherehe ambazo vijana walikuwa wanazikisia. Wafanyakazi waliojua kiwandani kulivyo walisahihisha habari za kiwanda. Mtu akiigiza vibaya aliambiwa, na akipatia alishangiliwa, na wiki iliyofuata watazamaji walirudi kuona kama ameshika. Mchezo ulipofunguliwa Oktoba 2, 1977, watu waliokaa kwenye viti walikuwa wameshiriki kuusuka. Serikali iliupiga marufuku mwezi uliofuata, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa.

Walijaribu tena. Maitũ Njugĩra ulikuwa mchezo wa nyimbo, zaidi ya 80, za lugha mbalimbali za Kenya. Mapema mwaka 1982 walinyimwa jukwaa la Kenya National Theatre, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kufanya mazoezi tu. Mazoezi hayo, kama kumi hivi, yalitazamwa na watu zaidi ya 10,000. Watu walikuja kwa mabasi kutoka mbali, wakakaa sakafuni na kwenye ngazi. Onyesho rasmi halikuwahi kufanyika. Baada ya mazoezi kuzuiwa, jukwaa la Kamĩrĩĩthũ nalo likabomolewa mwezi Machi. Kwa hiyo mchezo ule ulikuwepo duniani kama mazoezi peke yake, na waliouona waliuona kamili.

Tanzania tuna ukoo wetu katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji na kutengeneza nao michezo na ngoma kuhusu mimba za wasichana wa shule. Kila onyesho lilifuatwa na mjadala, na mjadala ulirudi kubadili onyesho.

Kuna jambo moja linalowatesa waongozaji wa kwetu ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha: watu wetu hucheka penye msiba. Mhusika anapigwa, ukumbi unacheka. Mama anampoteza mtoto, mtu anaangua kicheko kule nyuma. Waongozaji vijana hukata tamaa, wengine huwalaumu watazamaji kwamba hawajastaarabika kiukumbi. Mimi nakitetea kicheko hicho. Nimekisikia misibani, milimani huku, usiku wa pili wa matanga, kikitoka kwa watu waliolia mchana kutwa. Mara nyingine ni njia ya kulishika jambo lenye moto. Mara nyingine ni dalili kwamba mwigizaji amezidisha, na watu wanamwambia kwa upole apunguze. Kuvitofautisha vicheko hivyo viwili kunataka sikio lililozoea. Kicheko cha kulishika jambo huanza kwa mtu mmoja mmoja, hakifiki mbali, na baada yake ukumbi hutulia kuliko ulivyokuwa. Kicheko cha kumrekebisha mwigizaji huanza pamoja, kisha watu hugeukiana na kuongea. Mwongozaji anayeyajua haya hawezi kukata tukio la kilio kwa sababu tu wamecheka. Atasubiri asikie kinachofuata.

Nayasema yote haya kwa sababu Upareni tuna hadithi inayosubiri mtunzi wa namna hii. Kati ya 1944 na 1947 Wapare walikataa kodi ya mbiru, kodi iliyomkadiria kila mtu kwa mali yake. Maelfu waliteremka kutoka milimani hadi makao ya wilaya Same, wakakaa hapo, wakagoma kuondoka. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu yake, na serikali ya kikoloni mwishowe iliiacha kodi hiyo. Tukio ambalo kila ninapolifikiria naliona likiwa jukwaani ni la wanawake wa Usangi. Waume walikuwa wamekaa Same muda mrefu. Wanawake wakamkabili ofisa wa serikali wakamwambia aumalize ugomvi waume warudi nyumbani, ama sivyo awape mimba yeye mwenyewe, wote.

Fikiria mstari huo ukichanwa na mabinti ishirini kwa mpigo mmoja, ngoma imekatwa ghafla. Watacheka, hilo halina shaka. Swali la ufundi ni kitakachokuwa kwenye mstari unaofuata: kiitikio kije haraka kuwapokea wakiwa bado wanacheka, au waachwe wacheke hadi kimya kiingie chenyewe, na katika kimya hicho asikike mwanamke mmoja akihesabu mashamba ambayo hayajalimwa? Mtunzi hawezi kulijibu akiwa mezani. Atalijibu Usangi, mbele ya wajukuu wa wanawake wale, kisha Same mjini siku ya soko, kisha Chome kwenye ua wa shule, akikaa nyuma usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kalamu ya kukatia mkononi. Dar es Salaam iwe ya mwisho, na ipewe kile kitakachobaki.