Padri Tempels na Maulizo Yake

Mtu aweza kuuliza kama karani wa kodi: jina lako, kijiji chako, watoto wangapi? Anaandika, anafunga daftari, anakwenda zake. Aweza pia kuuliza kama mgeni aliyekaa karibu na moto jioni, asiyejua yeye mwenyewe ataulizwa nini.

Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933, aliuliza kwa namna zote mbili. Kitabu chake La philosophie bantoue kilitoka mwaka 1945 katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Anataka kujua Wabantu wanafikiri nini juu ya uzima, nguvu na wafu. Siku zile lilikuwa ulizo la ushujaa, maana Wazungu wengi walidhani hakuna cha kuuliza. Lakini tazama anavyoendelea: asema watu hawa hawawezi kueleza mawazo yao kwa utaratibu, basi ni kazi ya Wazungu kuwapangia. Huyo ni karani. Aimé Césaire alimlaumu kwa ukali: watu wanataka mshahara na nyumba, nao wanapewa elimu ya nguvu za uzima! Watu wa migodi wa Katanga wanajua uzito wa neno hilo. Lakini mimi naona kasoro nyingine: mwenye kuuliza hakujiuliza.

Kitabu cha pili ni kidogo, Notre rencontre, cha mwaka 1962. Hapa padri anaungama kwamba miaka mingi alifundisha kama bwana mkubwa. Halafu akaanza kuwauliza watu wanatamani nini kupita vyote, akasikia: uzima, uzazi, mapendo. Na katika kusikiliza akagundua kwamba tamaa zile zimo moyoni mwake pia. Hapo ndipo kitabu kinanishika. Uzazi! Neno hilo lamwendea mtawa asiye na mke wala mtoto: je, wewe umemzaa nani? Hakulikimbia. Katika Jamaa, iliyoanza kule Kolwezi miaka ya 1950, padri na watu wa ndoa walifundishwa kwamba wanazaana kwa roho, nao wakamwita Baba Placide.

(Nilimwuliza mke wangu ulizo lilelile. Akasema, "Baba, anza wewe." Nilitafuta jibu hata taa ikazimika.)

Hata hivyo kitabu hiki hakijatimiza yote. Anayesimulia ni padri peke yake. Ningependa kusoma kurasa chache za mke wa mchimba shaba, atueleze kama naye alimwona padri akibadilika, na alianza kuona lini.

Mwenye kusoma Kifaransa aanze na kile kidogo cha 1962, ndipo arudi kwa kile cha 1945. Ataona vizuri mahali padri alipofunga daftari mapema.