Daftari la asidi lililosahau mawese

Tunazoea kukosoa vitabu vya watu wengine. Leo nakosoa daftari langu mwenyewe, ile kaye ya kemia ya ogani, somo la asidi kaboksiliki. Niliinakili ubaoni nikiwa mwanafunzi, na mpaka juzi nilikuwa naitumia kufundishia watoto wa jirani wanaojitayarisha kwa Exetat.

Kwanza haki yake: daftari halidanganyi. Linasema alama ya asidi hizi ni kundi la COOH. Linasema zile nne za kwanza, toka kaboni moja mpaka nne, zinachanganyika na maji bila shida, na kadiri mkia wa kaboni unavyorefuka, maji yanazikataa. Linasema asidi asetiki inachemka kwenye nyuzi 118, na alkoholi yenye kaboni mbili vilevile inachemka kwenye 78. Yote kweli. Lakini juu ya nini? Hapo linanyamaza. Halisemi kwamba molekuli za asidi zinashikana mbili mbili kwa hidrojeni, na kuziachanisha kunaomba moto zaidi. Mwanafunzi anabeba namba kama mtu aliyetwikwa gunia bila kuambiwa ndani kuna nini.

Kosa kubwa liko ukurasa wa mwisho, mstari mmoja tu: mafuta pamoja na soda yanatoa sabuni na gliseroli. Basi, imeisha.

Siku moja binti wa jirani alinitajia mstari huo kwa kichwa, bila kukosea. Nyuma ya nyumba mama yake alikuwa anakoroga sabuni ya kuuza, soda kostiki anapima kwa kikombe, kwa macho tu. Vidole vyake vilikuwa vimechunika. Nikauliza binti:

"Mama anafanya nini pale?"

"Anapika sabuni, mwalimu."

"Na sisi tunasoma nini?"

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha mstari huo, na haukuwahi kufika uani.

Tukaita mama, tukahesabu pamoja. Kilo moja ya mawese inaomba karibu gramu 140 za soda. Ikizidi, soda inabaki huru ndani ya sabuni na inakula ngozi. Tena soda ndiyo inatiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya soda. Mama akanitazama: "Kumbe, mwalimu, nilikuwa nauzia watu moto?" Kesho yake akaazima mizani.

Kuna kitu kingine daftari limesahau. Limeandika asidi palmitiki, kaboni 16, bila kusema jina hilo limetoka kwa mti wetu wa mawese. Karibu sehemu mbili kwa tano za asidi zilizofungwa ndani ya mawese ni hiyo. Peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, na mwenzake, asidi oleiki, kwenye 13 hivi. Ndiyo sababu asubuhi ya baridi hapa Bunia mawese yanaganda chini ya chupa na juu yanabaki maji maji. Halisemi pia kwamba mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa Lever, mtengenezaji sabuni wa Uingereza, mkataba wa mawese ya Congo, Lusanga ikaitwa Leverville, na watu wakalazimishwa kukata ngazi ili Ulaya ioge. Somo ambalo lingekuwa letu tumelinakili kama la wageni.

Najua mtu atasema Exetat haiulizi sabuni ya mama, na saa ni chache. Ni kweli. Lakini hesabu ya gramu 140 ni hesabu ya moli ileile inayoulizwa, na safari hii binti aliifanya mwenyewe, sababu ilikuwa inahusu mikono ya mama yake.

Ninyi mnaofundisha, jaribuni hiki: kamueni ndimu ndani ya maji ya sabuni. Povu linakufa, maji yanageuka meupe. Asidi ya ndimu ina nguvu kuliko asidi ya mafuta, inaifukuza toka kwa soda. Halafu waulizeni watoto juu ya nini, na msiwape jibu haraka.

Mimi nimeshaongeza ukurasa kwenye daftari langu. Nauliza tu: lenu linasema nini?