Kisu cha Mkate: Meno Yasikudanganye

Kila tarehe 1 Desemba ziwa Mweru linafungwa. Hadi mwisho wa Februari sheria ya Zambia inakataza kutia nyavu, na hapa Mununga mikono iliyozoea samaki inatafuta kazi nyingine. Anayejua kukanda unga anakanda. Mkate wa sufuria wenye makaa juu na chini, mkate wa tanuri la udongo, mkate wa pipa lililopasuliwa: yote inatoka majumbani na kuuzwa kwa slesi, na chai pembeni. Na msimu huohuo hujitokeza mtu na kisu kipya, watu wazima wenye akili zao wakamzunguka na kukisifu.

Safari hii kimesifiwa kisu chembamba chenye mpini mwekundu na vijino vidogo visivyohesabika, eti kwa sababu muuzaji alikata nacho kopo la maziwa, kisha hapohapo akakata nyanya. Mama mmoja ninayemheshimu, ambaye mkate wake umechambuka kuliko wangu, alitoa kwacha zake bila kuuliza swali hata moja. Siku ile nilinyamaza kwa adabu. Sasa nasema.

Mchezo wa kopo na nyanya ni mkongwe. Mwaka 1978 televisheni za Marekani zilitangaza kisu kiitwacho Ginsu kwa mchezo huohuo: kikapita kwenye kopo, kikapita kwenye nyanya, watu wakanunua kwa mamilioni. Jina lilisikika la Kijapani, kisu kilitengenezwa Ohio. Lakini kopo linathibitisha nini? Bati jembamba hukwaruzwa na kitu chochote chenye vijino. Nyanya nayo inahitaji ngozi yake itobolewe tu, maji yaliyomo yanamaliza kazi. Mkate ni shughuli nyingine kabisa. Juu pana ganda gumu, chini yake mnofu laini usioweza kubeba uzito wa mkono. Ukisukuma, mnofu unalala kabla ganda halijakatika, na mkate ulioumuka vizuri tangu alfajiri unageuka chapati. Kisu cha mkate kipo kwa ajili ya ugomvi huo mmoja.

Wanunuzi wote, wote kabisa, wanashika ncha za meno kwa kidole. Zikiwachoma, wanasema kikali. Ncha ya jino itamchoma yeyote. Hata mwiba unachoma. Anayejua kisu haangalii meno, anaangalia mabonde yaliyo kati ya meno. Kazi za ncha ni mbili: kufungua ganda, na kuzuia bonde lisiguse ubao. Baada ya hapo kinachokata ni bonde. Ndani ya bonde ndimo makali yanamokaa, yamekingwa, na kwa kuwa hayagusi ubao hata siku moja, yanadumu miaka. Kisu kizuri cha mkate kinazeeka ncha kwanza, na bado kinakata.

Sasa chukua kile chekundu. Bamba la chuma limekatwa kwa mashine, meno na mabonde yametoka kwa pigo moja, kisha likang'arishwa na kutiwa mpini. Hakuna aliyesaga mabonde. Yamebaki na unene uleule wa bamba, mapana na butu. Ncha zinararua, mabonde yanafuata nyuma yakisukuma. Ndiyo maana ubaoni unabaki unga wa msumeno, wakati kisu cha kweli kinaacha maganda machache makubwa ambayo mtoto anaweza kuyaokota na kuyala.

Namna ya kuyaona mabonde ni rahisi, na haigharimu kitu. Toka nje ya duka, geuza makali yatazame juu, jua likiwa mgongoni mwako, kisha tazama ndani ya mabonde moja moja kuanzia kwenye noleo hadi nchani. Makali ya kweli hayarudishi mwanga, kwa sababu hayana upana wa kuurudishia. Ukiona mstari mweupe unang'aa chini ya bonde, huo ni ubutu unakusalimia. Mrudishie mwenyewe kisu chake. Ukitaka ushahidi wa pili, ukucha: uburuze polepole ndani ya bonde, kwenye makali unanasa, kwenye ubutu unateleza. Na sisi wa ufukweni tuna ushahidi wa tatu usiopatikana Lusaka. Chukua uzi mmoja wa nyavu ya zamani, uvute ukaze, uweke ndani ya bonde, usogeze kisu kidogo tu. Ukikatika kabla hujahesabu mbili, toa pesa. Ukianza kuvutika na kukatika manyoyamanyoya, mshukuru muuzaji uende zako.

Mtu aliyenionyesha haya alikuwa mhunzi, mzee aliyevuka ziwa Desemba ya mwaka 2000, mji wa Pweto, upande wa Kongo, ulipoangushwa vitani na watu wakamiminika upande huu kwa maelfu. Alikuja na nyundo, tupa mbili na ukimya. Tulimwita Papa, kama desturi ya kwao. Visu vyake vilitoka kwenye springi za magari yaliyokufa, na kisu cha mkate alikitengeneza kwa kuagizwa tu, baada ya kukuuliza unaoka mkate gani. Kila bonde alilichonga kwa tupa ya duara, kutoka upande mmoja peke yake, akihesabu midomo ikicheza bila sauti. Upande wa pili aliuacha bapa kabisa, akaupitisha kwenye kinoo mara moja kuondoa makapi. Nilimwona akikataa kukabidhi kisu kilichokwisha kulipiwa kwa sababu bonde moja karibu na noleo lilikuwa na kina kuliko wenzake. Mwenye kisu alikuwa amesimama hapo, anakitaka hivyohivyo. Papa alikitia motoni.

Habari ya upande mmoja ishike vizuri, maana wengi huisikia na kuisahau. Meno ya kisu cha mkate husagwa upande mmoja. Kwa anayetumia mkono wa kulia, upande uliosagwa uwe kulia, unaotazama slesi, na ubapa utazame mkate. Kisu cha namna hiyo huvuta kidogo kuelekea kushoto, slesi ikawa nene chini. Mkono unajifunza kukiinamisha na mambo yanatulia. Mwenye mkono wa kushoto akipewa kisu hichohicho, slesi zake zinakuja kama kabari, na wanamcheka hana mkono. Mkono anao. Apewe kisu kilichosagwa upande wake, au chenye makali mazima yasiyo na meno. Na kisu chenye vijino pande zote mbili si cha kulia wala cha kushoto, ni cha anayekiuza.

Nikishataja wauzaji, kuna mmoja aliyekuwa akipita sokoni na sumaku mfukoni. Anaigusisha kwenye kisu, sumaku inaanguka, naye anatangaza: tazameni, chuma safi kisichoshika kutu, cha hospitali! Umati unaguna kwa kuridhika. Alikuwa anasema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa inamshitaki. Chuma kisichoshika kutu ambacho sumaku inakikataa ni kile cha vijiko na masufuria. Hakigumishwi kwa moto, na makali yake hayamalizi juma. Chuma cha kisu, hata kisichoshika kutu, kina kaboni ya kutosha kukipa ugumu, na sumaku inakishika. Alipokianzisha Harry Brearley pale Sheffield mwaka 1913, waundaji wa visu wa mji huo walilalamika mwanzoni kwamba hakichukui makali. Vyuma vimeboreshwa tangu hapo, lakini kile cha vijiko hakikutengenezwa kwa kukata. Kwa hiyo nenda na sumaku yako, na ufurahi ikinasa.

Tapeli wa pili anaandika jina la Solingen kwenye bapa. Mji huo wa Ujerumani unalindwa na sheria tangu mwaka 1938: jina lake ni la visu vilivyotengenezwa humo tu. Kisu chenye jina hilo, kinachouzwa kwa bei ya sahani ya vitumbuwa, kimetoka kokote isipokuwa huko.

Mengine niyapitie haraka. Urefu, sentimita 25. Chini ya hapo utakuwa unakereza badala ya kukata, kwani kisu cha mkate kinahitaji safari ndefu kwenda na kurudi. Mabonde yawe na upana unaokaribia sentimita moja. Ncha iwe ya mviringo. Kisu cha mkate chenye ncha kali ni cha mtu asiyejua anataka nini. Msuka ufike angalau nusu ya mpini, na ribiti ziwe tatu; mbili hazitoshi, hata akuambie nani. Mpini uwe mweusi au wa mbao, mwekundu hapana. Shika kisu juu ya meza kama unayekata: vidole vikigonga meza kabla makali hayajafika, bapa ni jembamba mno kwako. Plastiki si dhambi. Visu vya Tramontina vya Brazili na Victorinox vya Uswisi vina mipini ya plastiki na vinakata miaka, ingawa cha Uswisi kikifika huku kinakuwa na bei inayohitaji kikao cha ukoo.

Na kama mfuko hauruhusu? Usinunue chenye meno. Hapa watu hawataki kunisikia. Visu vya mkate vya zamani vya Sheffield, vile vyenye mpini wa mbao uliochongwa masuke ya ngano, kwa kawaida havikuwa na meno. Nilikiona kimoja nikiwa kijana, bapa limeliwa na kinoo hadi kubaki nusu, na slesi zake zilikuwa nyembamba kiasi cha kuona mwanga wa dirisha. Aliyekishika alikinoa kila asubuhi kabla hajawasha moto. Siku hizi nani ananoa? Tunataka kisu kisichohitaji kunolewa, na tunauziwa kisu kisichoweza kunolewa. Kisu cha mhunzi cha springi ya gari, chenye makali mazima na kinoo cha kando, kitakushinda tu ukiwa mvivu. Kitashika kutu, ndiyo. Kikaushe, kipake mafuta kidogo ya kupikia, kilale mahali pake.

Mwenye kisu cha meno naye asidanganywe kwamba hakinoleki. Tafuta tupa ya duara, ile wanayonolea minyororo ya misumeno ya kukatia miti, au kipande cha chuma cha mviringo kilichofungwa msasa laini. Ingia bonde moja baada ya jingine, upande uliosagwa tu, mara tatu nne, bila hasira. Ubapa usiuguse isipokuwa kuondoa makapi mwishoni. Mwaka mzima hutarudia.

Ombi langu la mwisho ni kwa kina mama na kina baba wa Mununga, Kashikishi na Nchelenge yote. Ziwa litafunguliwa Machi, samaki waitwao pale na chisense watarudi majikoni, na mtu ataona yale meno akakumbuka magamba. Tafadhali, kwangulieni magamba kwa kijiko, kwa bati, kwa chochote mtakacho. Kisu cha mkate kiwekeni juu, mbali na samaki, mbali na watoto wa shangazi waliokuja kutembea.