Sifa ya Wapambao Nyumba Wasiyoimiliki

Ustadi wa kuipamba nyumba ambayo si yako, kwa vitu ambavyo kabla ya kuwa vyako vilikuwa vya wengine, haujapata kusifiwa kwetu kwa kadiri unavyostahili. Tumewasifu wachongaji wa milango ya Unguja na Lamu, waundaji wa majahazi, wasusi wa mikeka na washonaji wa kofia, na sifa zote hizo ni haki yao. Walakini mpangaji aliyekabidhiwa kuta tupu na dirisha, akakaa humo kwa murua na uzuri pasipo kubomoa ukuta wala kujitia katika deni, huhesabiwa kuwa mtu aliyejikimu tu, kana kwamba alilolitenda halikutaka jicho, mkono wala akili. Nataka kumtetea mtu huyo, na mfano nitakaoutumia ni wa mume na mke ninaowafahamu, wakazi wa Hallunda, kusini ya Stockholm, ambao sebule yao imenionyesha mambo ambayo sikuyaona katika majumba makubwa niliyopata kukaribishwa.

Hallunda imo katika manispaa ya Botkyrka, nayo ni miongoni mwa mitaa iliyozaliwa na azma ya serikali ya Sweden ya kujenga nyumba milioni moja katika muda wa miaka kumi, tangu 1965 hata 1974. Reli ya chini kwa chini iliufikia mtaa huo mwaka 1975, na tangu hapo wameshuka katika kituo chake watu wa kila kabila na kila lugha: Wafini na Waturuki, Wasiria na Wasomali, Wakongo na Waganda, na miongoni mwao Waswahili wachache. Majengo ni ya saruji, yamepangwa safu kwa safu, na wapitao nje huyalaumu kwa kufanana kwake. Wangaliingia ndani wangaliona kwamba waliochora fleti zile walikuwa watu wenye insafu: jiko lina dirisha lake, vyumba vinapokea mwanga wa kutosha, na chini ya kioo pana ubao mpana ambao Waswidi, tangu zamani, huufanya kuwa bustani.

Mume ni mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa, na mke ni mzaliwa wa Muheza, mkoa wa Tanga. Walipopokea funguo walikuwa na godoro, mkeka wa ukindu, sufuria na sanduku la nguo. Jamaa waliokuja kuwapongeza waliutazama upana wa sebule wakawaonea huruma, na mmoja wao akawashauri kwa nia njema wachukue seti ya makochi kwa mkopo wa kulipa kila mwezi, kama wafanyavyo wengi. Waliwashukuru wageni wao, wakawapikia chai ya tangawizi, wakawaketisha mkekani, na makochi hawakuyachukua. Waliazimia kuiacha nyumba ikae tupu majira yote ya baridi ili wapate kuijua: wapi jua la asubuhi huingia na wapi haliingii kabisa, upande gani upepo hupenya, ukuta gani macho huuangukia mtu afunguapo mlango. Mimi nahesabu kwamba kazi yao ilianza hapo, wakati ambapo macho ya watu yalikuwa hayaoni kazi yoyote.

Sweden ina haki ya kujivunia mafunzo yake katika jambo hili. Mwandishi wa Kiswidi Ellen Key alichapisha mwaka 1899 kitabu alichokiita Uzuri kwa Wote, akitetea kwamba uzuri wa makazi si milki ya matajiri, na kwamba kitu kitimizacho kazi yake sawasawa kimekwisha kuuanza uzuri wake. Naye Josef Frank, msanifu wa Austria aliyehamia Sweden mwaka 1933 wakati chuki juu ya Wayahudi ilipokuwa ikiwaka katika nchi yake, aliandika mwaka 1958 kwamba yafaa makazi yetu tuyapange kana kwamba yametokea kwa bahati, vitu vikikutana humo bila kulazimishwa kufanana. Nampenda Frank kwa sababu maneno yake ni ya mtu aliyepata kuacha nyumba nyuma yake. Lakini mume yule wa Mombasa hakuhitaji kusoma vitabu hivyo ili ajue kuuacha ukuta upumue. Amekulia pwani, na pwani, katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, mafundi wa chokaa walichonga ukuta mzima wa chumba cha ndani kuwa zidaka, safu juu ya safu, ili kila kidaka kipokee kibakuli cha kauri cha China, au mrashi, au msahafu, chombo kikae mahali pake peke yake na weupe wa chokaa ukizunguke. Adhama ya chumba kile ilitokana na nafasi iliyoachwa baina ya chombo na chombo. Katika fleti ya Hallunda hakuna zidaka, wala mpangaji hana ruhusa ya kuzichonga. Lakini yupo mtu anayejua kwamba birika moja la shaba, likiwekwa pekee juu ya kabati fupi mbele ya ukuta mweupe, lina heshima ambayo mabirika kumi hayana.

Kabati hilo lastahili kusimuliwa kwa urefu. Waswidi waliohamia mitaa hii nyumba zikingali mpya walikuja aghalabu na samani za msaji, kwa kuwa katika miaka ya hamsini na sitini mafundi wa Skandinavia waliupenda mti huo kupita kiasi, nao ulikuwa ukiletwa kwa meli kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Sasa kizazi kile kinaaga dunia, na warithi wao, ambao nyumba zao zimekwisha kujaa, ama huvipeleka vitu katika maduka ya hisani, kama yale ya Stadsmissionen, jumuiya iliyoanzishwa 1853, na ya Myrorna, yaliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu 1896, ama hutangaza tu kwamba kabati ni la bure kwa atakayelibeba. Hawa wawili walikwenda kulitazama moja katika nyumba ya marehemu. Lilikuwa limefifia likawa na rangi ya majivu, lina alama nyeupe za vikombe vya moto, na saraka mbili hazikufunguka. Mke aliinama, akavuta mlango mdogo, akanusa ndani. Muheza kuna msitu wa kupandwa wa misaji, Longuza, na mtu aliyekulia karibu na mbao zile hasahau harufu yake, ambayo ina kitu cha ngozi na kitu cha mafuta. “Mwenzangu,” alimwambia mumewe, “huu ni msaji.” Na mumewe, ambaye milango ya mtaa wa kwao ni ya mti huo huo, alipitisha kiganja juu ya ubao akaafiki.

Asiyefahamu kazi hii angelikwangua kabati lile kwa nguvu mpaka ling'are, na angelilifisidi. Samani za wakati ule si msaji mtupu; mara nyingi ni ngozi nyembamba ya msaji, isiyofika unene wa milimita moja, iliyogandishwa kwa gundi juu ya mbao hafifu, na msasa ukiipasua ngozi hiyo hapana dawa. Kwa hiyo walianza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ambayo Waswidi huoshea sakafu za mbao, wakafuta kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mti, wakaliacha likauke kwa siku kadhaa katika chumba chenye hewa. Kisha ukaja msasa mwembamba kabisa, kwa mkono mwepesi, mahali palipo na madoa tu. Kisha mafuta ya kitani, matone machache juu ya kitambaa, yakapakwa, yakaachwa yanywewe kiasi cha nusu saa, na yaliyosalia juu yakapanguswa yote, maana mafuta yanayobaki hugeuka kuwa utando unaonata. Vitambaa vile vya mafuta hawakuvifinyanga na kuvitupa kapuni, kwa kuwa mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa chaweza kuwaka chenyewe usiku watu wamelala. Walivilowesha maji, wakavitandaza nje katika roshani. Saraka zilizokwama waliziponya kwa kipande cha mshumaa: nta ikisuguliwa katika njia za mbao, saraka huteleza bila sauti. Mguu mmoja ulikuwa umelegea. Waliutoa, wakakwangua gundi kuukuu yote, wakatia mpya, wakaubana kwa jiliwa mpaka asubuhi. Rangi iliyorudi katika ule ubao ni ile ya asali ya nyuki wadogo, na mwangaza wa taa ukiupiga kwa upande, nyuzi zake huonekana zikipinda hadi ukingoni.

Yapo mambo ya kale katika ardhi ya mtaa huo ambayo hunijia akilini nilitazamapo kabati lile. Katika miaka ile ile ambapo Hallunda ya saruji ilikuwa ikitayarishwa kujengwa, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua hapo karakana ya kusubu shaba nyeusi, yenye tanuri zake, iliyoachwa na watu walioishi takriban miaka 3,000 iliyopita. Sweden ya zama zile ilipata shaba na bati kutoka nchi za mbali, kwa biashara. Kwa hiyo shoka lililovunjika halikutupwa, lilirudishwa katika tanuri likatoka mkuki au bangili. Yamkini hapakuwa na mtu aliyeona aibu kuvaa bangili iliyopata kuwa shoka la mtu mwingine.

Aibu hiyo ipo kwetu, na sina budi kuinena. Wapo wanaoona kwamba mtu aliyevuka bahari akaja kununua kiti kilichokwisha kukaliwa katika soko la vitu vikuukuu la Vårberg, vituo vichache kutoka Hallunda, hakupata alichokifuata. Naifahamu asili ya fikira hiyo: nchi zetu zimepokea mitumba ya Ulaya kwa marobota, na nafsi imechoka kupewa mabaki. Hata hivyo iko tofauti kubwa baina ya kupewa na kuchagua. Hawa wawili hupita mbele ya meza nzima ya vyombo wakatoka mikono mitupu, na siku nyingine wakachukua kijiko kimoja cha mti. Nao walikataa vitu vingi zaidi ya walivyovikubali, hata vile vya bure. Anayekataa namna hiyo amevaa hadhi yake mwenyewe, na sioni ni nani awezaye kumvua. Na yule aliyejaza sebule kwa mkopo, ambaye makochi yake huchakaa kabla ya deni kwisha, namwonea huruma kwa dhati, kwa kuwa analipia kila mwezi sifa ya wageni wa siku moja.

Sasa nije kwenye mimea, ambayo ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Stockholm mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limekwisha kuzama. Chini ya dirisha pana bomba la joto linaloikausha hewa, na juu yake kioo chenye baridi. Mmea uishio hapo unaishi kwa rehema ya Mola na busara ya mwenyewe. Mke yule alianza na ua dogo la zambarau ambalo bibi wa Kiswidi wa ghorofa ya chini alimpa: jani moja tu, kikonyo chake kimefungwa kwa karatasi yenye unyevu. Alilichomeka katika udongo mwepesi, na baada ya majuma mengi vikatoka vitoto vidogo shinani. Ua hilo, Saintpaulia, ambalo limekaa katika madirisha ya Waswidi kizazi baada ya kizazi, asili yake ni milima ya Usambara, nyuma ya Muheza yenyewe. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa sehemu zile, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Huko kwao, misitu ikikatwa, aina zake kadhaa ziko katika hatari ya kutoweka. Karibu nalo liko ua jingine jekundu, lile ambalo John Kirk, balozi wa Kiingereza, alipeleka mbegu zake kutoka Unguja, na mwaka 1882 wataalamu wa mimea wakaliita kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Na katika pembe ya giza, mahali ambapo hakuna kingine kiwezacho kuishi, umesimama mmea wenye majani manene yanayong'aa, Zamioculcas, ambao huota wenyewe katika misitu ya Kenya na Tanzania na huweka akiba ya maji katika mizizi yake minene.

Utunzaji wa mimea hii ni elimu. Saintpaulia hainyweshwi kwa juu, maana maji baridi yakigusa jani huacha doa. Hutiwa maji ya uvuguvugu katika kisahani, yanywewe kutoka chini, kisha yanayobaki yakamwagwa. Tangu Novemba maji hupunguzwa, na mbolea haitiwi hata Machi, kwa kuwa mmea uliopumzika ukilishwa kwa nguvu huoza. Na vitoto vinapozidi, huwagawia majirani wa ngazi ile ile, Mturuki, Msomali na Mfini, kila mmoja na chungu chake, nao huja kubisha hodi kuuliza habari za jani lililonyauka.

Kuta waliziacha nyeupe, ila moja waliyoipaka rangi ya mchanga, na katika hilo sheria iko upande wao: sheria ya ardhi ya Sweden, katika sura ya 12, humpa mpangaji wa nyumba ya kuishi haki ya kupaka rangi na kubandika karatasi za ukutani kwa gharama yake, ila akiishusha thamani ya nyumba kwa kazi hiyo, mwenye nyumba ana haki ya kudai fidia. Wengi wa jamaa zetu hawaijui haki hiyo, nao hukaa miaka na ukuta wanaouchukia.

Basi wewe uliyepokea funguo za fleti ya kupanga, Hallunda au Rinkeby, Oslo au Leicester, usiende kutia sahihi karatasi ya mkopo. Kaa kwanza mkekani mpaka uijue nyumba. Soma sheria ya upangaji ya nchi uliyomo. Mwombe jirani jani moja la ua. Kisha uliza ni wapi wazee wanahama au wanazikwa, na vitu vyao vinapelekwa wapi. Na uendapo kulitazama kabati la msaji, nenda na mwenzio, kwa kuwa ni zito na lataka mikono minne.