Kosa la Jicho, Kosa la Jina: Sura na Utambuzi wa Mtu katika Adili na Nduguze na Mabepari wa Venisi

Ikisiri

Makala haya yanajadili hali ya mtu kudhaniwa kuwa mwingine kwa sababu ya sura yake. Yanahakiki riwaya ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze (1952), na tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969). Hoja kuu ni kwamba katika Kiswahili kosa la jicho halibebwi na upatanisho wa kisarufi, bali hubebwa na jina analopewa mtu. Kwa kuwa jina huchaguliwa na msemaji, dhima ya kosa ni yake. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu kwa wakalimani, watunga sera na walimu wa ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kulipima suala la sura kwa mizani ya maadili: umbo la nje hudanganya, tabia ndiyo kweli. Methali zinaunga mkono mizani hiyo. Uzuri wa mkakasi, husemwa, ndani kipande cha mti. Na muungwana ni vitendo. Usomaji wa aina hii ni sahihi, ila una upungufu mmoja. Unamwonya mtazamaji asidanganyike, lakini hausemi mengi juu ya mtazamwa ambaye hakumdanganya yeyote na bado akachukuliwa kuwa mtu mwingine. Huyo ndiye anayelipa gharama ya kosa, iwe sokoni, mahakamani au mpakani. Makala haya yanamweka yeye katikati ya mjadala, na yanauliza swali la lugha: katika sentensi ya Kiswahili, kosa la jicho linakaa wapi?

2.0 Upatanisho usiotoa ushahidi

Ngeli ya A-WA ina sifa mbili zinazohusu swali hili. Kwanza, haitofautishi jinsia. Anayesema "amefika" hajasema kama aliyefika ni mwanamke au mwanamume. Pili, huwapokea binadamu na wanyama kwa upatanisho uleule. "Wawili wanalia" inaweza kuwa habari ya watu au ya manyani. Kwa hiyo kiambishi hakiwezi kumdhania mtu vibaya kwa jinsia wala kwa umbo. Anayekosea ni mwenye kuongeza nomino.

Hata hivyo, lugha hii si malaika. Ina njia ya kumtoa mtu katika ngeli yake pale msemaji anapotaka kumdhalilisha: "lile jitu limekuja", "kile kijitu kinasema nini?" Hapa upatanisho wenyewe hugeuka kuwa tusi. Lakini hata hilo huanzia katika nomino. Kiambishi hufuata tu pale jina lilipotangulia. Historia ya neno "zeruzeru" inatoa funzo hilohilo. Watetezi wa haki nchini Tanzania na kwingineko wamelikataa na kusisitiza "mtu mwenye ualbino", kwa sababu neno la kwanza humfanya mtu kuwa rangi yake, na la pili humtaja kwanza kuwa mtu.

3.0 Adili na Nduguze: jina linalokataa sura

Katika riwaya ya Shaaban Robert, Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma Ikibali kwenda Janibu, nchi inayosimamiwa na Adili. Huko Ikibali anagundua jambo la ajabu: usiku, kwa siri, Adili anawapiga manyani wawili. Kwa tukio hilo moja, jicho linafanya makosa mawili. Wanaopigwa wanaonekana wanyama, kumbe ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili waliogeuzwa na jini Huria baada ya kujaribu kumwangamiza ndugu yao. Anayepiga anaonekana katili, kumbe anatekeleza amri aliyopewa wala hana raha nayo.

Wahakiki wameonyesha kuwa kisa hiki kina nasaba na hadithi ya Abdullah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu waovu hugeuzwa mbwa. Kubadili mbwa kuwa nyani si jambo dogo. Nyani ana mikono, ana uso na macho yanayokaribia ya mtu. Kwa kumchagua yeye, mwandishi amepunguza umbali kati ya umbo linaloonekana na mtu aliyefichwa ndani yake, na hivyo ameongeza dhima ya mtazamaji. Asiyeona mtu ndani ya mbwa anaweza kusamehewa. Asiyemwona ndani ya nyani hana budi kuulizwa alitazama nini.

Jambo zito zaidi liko katika anwani ya kitabu. Shaaban Robert hakuandika "Adili na Manyani". Aliandika "Adili na Nduguze". Kabla msomaji hajakutana na manyani, amekwisha ambiwa kuwa ni ndugu. Anwani imelikataa jina ambalo jicho lingelitoa, na imeshika jina ambalo ukoo unalijua.

Mwenendo wa Rai unakamilisha hoja. Mfalme hatoi hukumu kwa taarifa ya jicho la Ikibali. Anamwita Adili na manyani wake, kisha anasikiliza kisa tangu mwanzo. Riwaya kwa sehemu kubwa ni ushahidi huo: simulizi ya mtu aliyepewa nafasi ya kueleza kile kilichoonekana. Shaaban Robert, aliyepata kuwa mtumishi wa serikali, anatoa hapa kielelezo cha utawala kinachostahili kuzingatiwa: kuona ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake.

4.0 Mabepari wa Venisi: jina linalotengeneza mgeni

Portia huingia mahakamani katika mavazi ya mwanasheria wa kiume. Katika Kiingereza, wahusika wanaomdhania mwanamume hulazimika kumtaja kwa kiwakilishi cha kiume, na hadhira, inayomjua, hucheka kila kinapotamkwa. Katika Kiswahili kicheko hicho hakipatikani. Sentensi inayosema kuwa mwanasheria "amenena vyema" ni ya kweli kwa mwanamume anayedhaniwa na kwa mwanamke aliyepo. Mtu anaweza kuona hii ni hasara ya tafsiri. Ni hasara ya mzaha, lakini ni faida ya maana: kosa linaonekana wazi kuwa ni la mavazi na la majina ya kuitia, kama "bwana" au "kijana". Bassanio anamkosea mkewe kwa macho huku sarufi ikiwa haijamkosea hata mara moja.

Inaweza kupingwa kuwa Portia alijificha kwa hiari, hivyo si mfano wa mtu anayedhaniwa bila kupenda. Pingamizi hili lina nguvu, na ndilo linalompeleka msomaji kwa Shylock. Portia anapofika barazani huuliza yupi ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi. Swali hili lina maana kubwa, kwani linakiri kuwa mbele ya mgeni sura peke yake haikutosha kuwatenganisha wawili hao. Lakini mara tu jibu linapopatikana, Shylock hutajwa zaidi kwa jina la kundi lake kuliko kwa jina lake mwenyewe. Mwishoni anahukumiwa kwa sheria inayomhusu mgeni anayetaka kuutoa uhai wa raia. Mtu aliyeishi na kufanya biashara Venice anaondoka barazani akiwa mgeni kisheria. Nia yake mbaya juu ya Antonio haipingiki. Hata hivyo adhabu haikupimwa kwa nia hiyo pekee, bali pia kwa nomino aliyobandikwa.

Mwana wa mfalme wa Morocco naye anaomba asichukiwe kwa rangi ya ngozi yake, kisha anachagua kasha kwa rangi ya dhahabu na kushindwa. Shakespeare hakumwacha mwathirika wa kosa la jicho awe na kinga dhidi ya kosa hilohilo.

5.0 Kutoka kwenye sura hadi kwenye hati

Watunga sera hujibu tatizo la sura kwa kutoa hati. Historia ya Rwanda inaonya kuwa hati si tiba ikiwa inaandika nomino ileile ambayo jicho linaitafuta. Tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji, vitambulisho vilitaja kundi la mwenye navyo. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, vitambulisho hivyo viliamua nani afe. Asiyekuwa nacho alipimwa kwa kimo na umbo la pua, na wapo Wahutu waliouawa kwa kudhaniwa kuwa Watutsi. Hati na jicho havikusahihishana, vilisaidiana. Baada ya mauaji hayo ya kimbari, utambulisho wa kundi uliondolewa katika vitambulisho. Ni nchi hiyohiyo iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na kwa sababu hiyo suala la namna Kiswahili kinavyomtaja mtu ofisini si la wahakiki peke yao.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kazi hizi mbili zinaonyesha kuwa Kiswahili humpa msemaji nafasi kati ya kuona na kutaja. Shahidi anaweza kusema "alisimama mlangoni" bila kuongeza asichokijua. Kutokana na hilo, mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, mkalimani wa mahakama au wa mahojiano ya wakimbizi anapotafsiri "alinipiga" kwenda Kiingereza au Kifaransa, asikisie jinsia. Amwombe msemaji afafanue. Kiwakilishi alichokisia mkalimani kinaweza kusomwa baadaye kama ushahidi wa shahidi.

Pili, fomu za utambuzi zionyeshe kama maelezo ya asili au uraia yametolewa na mhusika mwenyewe au yameandikwa na afisa kwa kumtazama. Haya ni maelezo ya aina mbili, na hayapaswi kukaa katika kisanduku kimoja.

Tatu, Adili na Nduguze isifundishwe kwa dhamira za wivu na msamaha pekee. Wanafunzi waongozwe pia kumchunguza Rai, aliyeletewa habari ya manyani wawili na liwali katili, akakataa kuhukumu mpaka asikie kisa chao.