Sikio la Mpenzi wa Santuri

Mpenzi wa santuri aliyeiva hasemi "wimbo huu mzuri" akaishia hapo. Wenzake hawatamwachia. Watamuuliza: mzuri wapi? Kwenye besi, kwenye ridhimu, au pale mwimbaji anapochelewa makusudi kuingia? Upande wa pili ameusikiliza? Na nakala yenyewe kaipata wapi, maana sahani iliyosagwa na sindano za baa miaka nenda rudi haihukumiwi sawa na iliyolala ndani ya jalada lake.

Ufundi huu haufundishwi darasani. Soko la Kenyatta jijini Nairobi linajulikana zaidi kwa nyama choma na wasusi, lakini humo humo kuna kibanda cha santuri za zamani. Mnunuzi mzoefu haanzi na jalada. Huishika sahani ukingoni, akailaza kwenye mwanga na kuitazama kwa pembeni. Mkwaruzo wa juu juu utaleta mchakacho, na mchakacho unavumilika. Unaoshikika kwa ukucha ndio utakaorusha sindano. Hapo bei inaanza kuzungumzika.

Akishafika nayo nyumbani ndipo kazi inapoanza. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kujiengua Simba Wanyika. Nani hajaucheza arusini? Msikilizaji wa dhati huuweka tena, safari hii akimfuata Tom Malanga peke yake, besi inayoruka, inanyamaza, kisha inarudi na wimbo wake yenyewe. Halafu huurudia kwa ajili ya ridhimu ya Omar Shabani, gitaa lisilopiga kelele hata kidogo, ila ukiliondoa hakuna kinachobaki kimesimama. Kesho yake, akisema wimbo ni mzuri, ana ushahidi.

Ubishi mkali zaidi huletwa na sahani yenyewe. Ile ya inchi saba, ya mizunguko 45, hubeba dakika nne hadi tano hivi kwa upande, na nyimbo nyingi za dansi zilihitaji karibu mara mbili ya hizo. Watoaji wakazipasua: upande wa kwanza mashairi, wa pili chemko, magitaa yakikimbizana na saksafoni zikijibu. Wako wanaoapa kwamba wimbo ni mashairi, mengine ni ya kutolea jasho. Wako wanaoweka upande wa pili moja kwa moja. Hawa wa chemko wana hoja nzito zaidi: maneno ya Simba Wanyika mtu anaweza kuyaimba bafuni, magitaa yao je?

Mbano huo wa dakika ni wa zamani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, santuri za mizunguko 78 zilibeba dakika tatu na ushei tu kwa upande. Taarabu iliyozoea kujinyoosha usiku kucha ililazimika kujikunyata. Mtu wa Unguja aliyekuwa amemsikia Siti ana kwa ana alikuwa na kipimo ambacho mnunuzi wa leo hana.

Wa leo ana mikusanyo. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa "Kenya Special", nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 zilizokuwa zimetawanyika kwenye vijisahani vya inchi saba. Huko Ufaransa, Buda Musique imekuwa ikitoa mfululizo wa "Zanzibara", ulioanza na Ikhwani Safaa, kikundi kilichoundwa mwaka 1905. Mikusanyo ya namna hii huja na vijitabu vyenye majina na miaka, na kwa hilo inastahili shukrani.

Lebo za zamani hazikuwa na ukarimu huo. Zilitaja bendi na mtunzi, wapigaji wakaachwa, na wakati mwingine hata jina la bendi lilikuwa la kujifichia. Simba Wanyika ya akina Wilson na George Kinyonga, ndugu waliotoka Tanga, ilirekodi pia kwa jina la Jobiso. Aliyezisikiliza vizuri sahani zao za kwanza hakuhitaji kuelezwa Jobiso ni nani. Gitaa lilipoingia tu, alimjua mwenyewe.